Bendi ya Chumba cha Magodoro

Jina la Cherehani alipewa na mjomba wake, na alipewa kwa kusifiwa, ingawa mjomba alikuwa na namna ya kusifu iliyofanana na kulalamika. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia kwenye karakana ya magodoro ya mjomba huyo kama mfanyakazi, amevaa aproni iliyomfika chini ya magoti. Wakamkalisha kwenye mashine ya kushona pindo. Akaweka mguu wa kulia juu ya kanyagio, na kufikia adhuhuri mguu ule ulikuwa umeshajua jambo ambalo wengine huchukua mwaka mzima kulijua: kwamba mashine ile haitaki nguvu, inataka mwendo mmoja. Ukiikimbiza kwenye kona, uzi unakatika. Ukizubaa kwenye mstari ulionyooka, kitambaa kinajikunja na kufanya midomo. Yeye hakukimbiza wala hakuzubaa. Alizunguka godoro la futi sita kwa sita huku macho yake yakiwa dirishani, na mshono ukatoka kama umechorwa kwa rula.

"Huyu si mtu," mjomba alimwambia mkata sponji. "Hii ni cherehani iliyovaa viatu."

Jina likaganda hapo hapo, na miaka minane baadaye hata dada yake wa tumbo moja alikuwa akimwita hivyo.

Hakuwa na huzuni yoyote ya kumnyamazisha, ila alikuwa mtu wa maneno machache. Kwenye karakana vumbi la sponji huelea hewani kutwa nzima, jepesi, la rangi ya maziwa yaliyochujuka, na anayefungua mdomo hulimeza. Ukizoea kufunga mdomo saa tisa kwa siku, jioni unasahau kuufungua. Alipanda kitandani akiwa na mashine ile mwilini bado, inatetema taratibu kwenye ugoko, na mara nyingi usingizi ulimchukua akiwa anahesabu: moja, mbili, tatu, nne, kona, moja, mbili, tatu, nne, kona.

Aliishi kwa dada yake. Mume wa dada, yaani shemeji yake, alikuwa msaga vioo vya miwani katika duka moja la barabara kuu, mtu mrefu, mcheshi, mwenye gitaa la besi alilolipiga chumbani bila spika ili asimwudhi mkewe. Gitaa la besi bila spika hutoa sauti ya mtu anayejikuna nyuma ya ukuta. Mkewe aliudhika vilevile.

Siku moja Shemeji alimpitia karakanani ili waongozane nyumbani. Akasimama mlangoni, akamtazama anavyoshona. Hakumtazama uso, alimtazama mguu. Akasimama pale mpaka godoro likaisha.

"Shemeji," akasema, "huo mguu umewahi kupiga kitu kingine?"

"Umewahi kupiga jogoo wa jirani."

"Kwa mwendo?"

"Mara moja tu. Hakungoja ya pili."

Ndivyo ilivyoanza. Shemeji alikuwa na rafiki yake tangu shule, fundi umeme aliyeitwa Fyuzi kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwaka na mwepesi wa kuzima. Fyuzi alikuwa na gitaa la umeme, spika mbili alizozitengeneza mwenyewe kwa mabaki, na seti ya dramu ambayo mwenye nayo alioa akahama mji, akaiacha. Walichokosa ni mtu wa kukaa nyuma ya dramu hizo, na mahali pa kuzipiga bila majirani kuita polisi.

Vyote viwili vilipatikana kwa mjomba. Nyuma ya karakana kulikuwa na stoo ambamo magodoro yaliyokamilika yalisimamishwa wima, yameegemea kuta zote nne, safu juu ya safu mpaka darini, na mengine yamelazwa sakafuni mithili ya watu waliochoka kungoja. Mjomba alikubali kwa masharti mawili: waanze baada ya saa kumi na moja, kazi ikiwa imefungwa, na mtu asiegemee mali ya mteja. Siku ya kwanza alikaa awasikilize. Alivumilia nusu ya wimbo.

"Kitu hicho kinaitwaje?" akauliza.

"Posti-hadikoo, mjomba, roki ya kupayuka," Fyuzi akajibu kwa adabu.

"Nilidhani hiyo ni dawa ya minyoo."

Akatoka, akafunga mlango. Kisha akaufungua tena, akaingiza kichwa, na usoni alikuwa na mshangao wa kweli. "Huku nje hakusikiki chochote," akasema. "Hata tone. Basi endeleeni. Mkifia humo tutajua kwa harufu."

Ilikuwa kweli. Chumba kile kilikula sauti. Ukipiga toazi lilisema neno moja likanyamaza, kama lililozibwa mdomo kwa kiganja. Hakuna kilichorudi. Kila mlio ulizaliwa, ukafa palepale, safi, bila mkia. Cherehani alikipenda chumba hicho kuliko alivyowahi kukipenda chumba chochote. Mle ndani, kwa mara ya kwanza, aliweza kukimbia. Mguu wake uliokatazwa miaka yote kuharakisha kwenye kona sasa ulizikimbilia kona, ukazikata, ukasimama ghafla penye ukingo, wanne wote kimya kwa pumzi moja, halafu ukaruka tena. Ndivyo ulivyokuwa muziki wao: mbio, kituo, mnong'ono, mbio.

Wanne, nimesema, na wa nne alikuja kununua godoro.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Mkata sponji, aliyekuwa akifunga mlango wa mbele, alimwambia apite stoo akachague mwenyewe. Akafungua mlango wa stoo, na kishindo kikampiga kifuani. Hakurudi nyuma. Aliingia, akafunga mlango, akaweka kiganja juu ya godoro la futi nne, akasikiliza mpaka wakaacha.

"Nani anaimba?" akauliza.

"Hakuna," Shemeji akasema. "Tunamtafuta. Godoro ni la mtu mmoja au wawili?"

"La mmoja. Naweza kujaribu?"

"Kulalia?"

"Kuimba."

Akavua viatu, akavipanga kwa unadhifu kando ya ukuta kama anayeingia nyumba ya watu. Wakaanza. Alingoja, akatikisa kichwa mara nne, kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa na uhusiano wowote na mwili ule mdogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeanguka kutoka juu sana akafurahi njiani. Fyuzi alisahau kupiga. Cherehani hakusahau, mguu wake uliendelea wenyewe, lakini nywele za mikono zilimsimama, na akafikiri: huyu ndiye aliyekuwa amekosekana, si kwenye bendi tu.

Walipomaliza, Mwalimu alijifuta mdomo kwa kitambaa. "Samahanini," akasema. "Nimekuwa na siku ndefu."

Akaondoka na viatu vyake mkononi. Godoro alilifuata kesho yake.

Wakajiita Chumba cha Nyuma. Kwa miezi kumi na moja walikutana mara tatu kwa wiki, na Mwalimu akaleta maneno. Hayakuwa maneno ya mapenzi wala ya siasa. Yalikuwa ya darasani: daftari la mahudhurio, dawati lenye mguu mmoja mfupi, watoto sitini na wawili wanaotamka herufi moja kwa pamoja mpaka herufi inapoteza maana. Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa mtoto aliyeacha kuja shule bila mtu kusema kwa nini, na sehemu yake ya mwisho ilikuwa na mistari miwili tu:

*Jina lako nimeliandika kwa penseli,*
*nani ananyoosha mkono kulifuta?*

Mistari hiyo aliipigia ukelele kwa pumzi moja. Hapo ndipo siri ilipokuwa, na Cherehani aliijua kuliko wenzake kwa kuwa ni yeye aliyeishikilia: kasi. Ukelele wa Mwalimu ulikaa ndani ya mipigo kumi na sita ya dramu. Mipigo ikienda mbio, pumzi inatosha na inabaki. Ikienda polepole, pumzi inaisha katikati ya mstari na ukelele unaanguka kabla ya kufika. Kwa hiyo Mwalimu alimtegemea. Walitazamana kabla ya kila wimbo, Cherehani akainua vijiti, na kulikuwa na kitu katika kutazamana kule ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukisema.

Mwezi wa tisa wa bendi sauti ya Mwalimu ikaanza kukwaruza. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu baada ya mazoezi, ikipona kwa chai ya moto. Halafu ikawa haiponi. Kuna mtoto aliyenyoosha kidole darasani akamwambia kwa heshima zote, "Mwalimu, unaongea kama mlango." Alilisimulia hilo kwa kicheko, na kicheko chenyewe kilikatika katikati.

Cherehani alimsindikiza hospitali. Daktari alikuwa mama mwenye miwani ya kamba, akamwingizia mrija mwembamba puani, na kwenye kioo cha mashine wakaona wote watatu: nyuzi mbili nyeupe za sauti, na juu ya kila uzi kinundu kidogo, vimekaa vikitazamana mithili ya punje mbili za mchele.

"Kazi yako?" daktari akauliza.

"Nafundisha darasa la kwanza."

"Basi unakula kwa koo. Vitu hivi tunaweza kuviondoa, na wiki mbili baada ya hapo hutasema neno, hata la kunong'ona. Lakini kuanzia leo hakuna kupayuka. Kuongea taratibu, sawa. Kuimba kwa upole, siwezi kukukataza. Ukiendelea kupayuka, uzi unaweza kuchanika, na hapo sauti inaweza isirudi. Sisemi itakuwa mbaya, mwanangu. Nasema isirudi."

Wakatoka. Ukumbi wa hospitali ulikuwa mrefu, sakafu yake imepigwa deki sasa hivi, na watu walipita kwa mbali wakionekana mara mbili, juu na chini. Mwalimu alisimama dirishani.

"Usiwaambie hao wawili," akasema.

"Onyesho tuliahirishe."

Onyesho lilikuwa Jumamosi ile iliyokuwa inakuja. Fyuzi alikuwa amepewa kazi ya kung'oa nyaya katika jengo la zamani lenye bwawa la kuogelea ndani yake. Lingebomolewa mwisho wa mwezi, na mlinzi alikubali watu waingie alasiri moja. Hakukuwa na tarehe nyingine.

"Dakika ishirini na tano," Mwalimu akasema. "Jumatatu napasuliwa. Mwenzangu, miezi kumi na moja hakuna aliyetusikia. Nataka watu wasikie mara moja. Halafu nitanyamaza, kama daktari anavyotaka."

"Na ikichanika?"

Mwalimu alikuwa akimtazama mfagiaji anayerudi nyuma na ufagio wake wa maji, hatua kwa hatua, akizifuta nyayo zake mwenyewe. "Wewe nipe kasi tu," akasema. "Mengine ni yangu."

Cherehani akasema sawa. Wiki ile uzi ulimkatikia mara tatu kwenye kona, na mjomba akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi saa kumi walishuka ndani ya bwawa.

Lilikuwa limekaushwa miaka mingi. Vigae vyake vya bluu vilikuwa vimepauka hadi rangi ya anga la mchana, na ukutani namba za kina zilikuwa bado zinasomeka, zikiongezeka kadiri ulivyotembea. Paa lilikuwa la kioo kilichoota ukungu, na mwanga ulioshuka humo ulikuwa wa kijani, umechoka, unayumba kila wingu lilipopita, kiasi kwamba mtu aliyetazama juu aliweza kuamini maji bado yamo. Fyuzi aliwapanga upande wa kina kirefu. Watu waliingia kwa ngazi ya chuma upande wa kina kifupi, sitini au zaidi kidogo, wakatelemka mteremko wa vigae kwa uangalifu, wakicheka kwa kuona aibu, kama watu wazima walioambiwa waogelee na nguo. Dada yake Cherehani alikuwepo. Mjomba pia alikuwepo, amevaa koti, ameketi juu ukingoni miguu inaning'inia.

Hawakujaribu vyombo. Fyuzi alihangaika na nyaya mpaka dakika ya mwisho, na umeme ulipokubali watu walikuwa wameshasimama, wametulia, wanatazama. Wala hakuna hata mmoja wa wanne aliyeona haja ya kujaribu. Nyimbo zile walizijua hata wakiwa usingizini. Lilikuwa kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu waliolelewa na magodoro peke yao: hawakuwahi, kwa miezi kumi na moja, kusikia sauti yao ikirudi.

Mwalimu akamtazama. Cherehani akainua vijiti, akahesabu nne, akapiga.

Na bwawa likajibu.

Pigo lilikwenda hadi ukuta wa mbali, likarudi nene na laini, limechelewa kwa muda wa kupepesa jicho. Akapiga la pili, na la kwanza likawa linafika. Alihisi kuna mpiga dramu mwingine upande wa pili wa chumba, mtu mpole, asiye na haraka, anayerudia kila asemacho. Sikio lake, ambalo halikuwahi kuhitaji kuuliza kipi ni chake, likaanza kumngoja. Kila pigo lilingoja kidogo. Kidogo hicho kikajumlika. Hakujua. Aliona tu mikono yake inazama kana kwamba inapita ndani ya maji, na gitaa la Fyuzi, lililozoea kutafuna, likafunguka juu ya vichwa vya watu likawa kama kitambaa kinachoanikwa.

Alijua alipomwona Shemeji amegeuka, macho yamemtoka, midomo inasema bila sauti: kaza, shemeji, kaza.

Akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa amefika kwenye ukelele wa kwanza, amevuta pumzi, mishipa ya shingo imesimama. Akaachia, na pumzi ikamwishia njiani. Nusu ya mstari ikabaki. Cherehani aliuona mgongo wake ukishtuka, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha Mwalimu akafanya jambo la mtu aliyezoea watoto sitini na wawili: hakusimama. Alishusha sauti. Mstari uliofuata aliusema. Aliusema polepole, kwa sauti yake ya mlango, karibu ya kuimba, na bwawa likauchukua, likaurudisha umezungukwa na mwanga wa kijani. Watu wakaacha kutikisa vichwa. Msichana mmoja akakaa chini kwenye vigae. Mwingine akakaa. Baada ya muda mteremko mzima ulikuwa umekaa.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Ukaendelea kuisha kwa sekunde kadhaa.

Hapo Cherehani alikuwa ameshaelewa. Alielewa pia dawa yake, kwa sababu dawa alikuwa nayo mguuni. Angeacha kusikiliza. Angetazama dirisha lolote, angehesabu moja mbili tatu nne kona, na mguu ungeikamata kasi ileile ya stooni hata kama bomu lingelipuka. Lilikuwa jambo la sekunde mbili. Mwalimu aligeuka, akamtazama, na macho yalisema wazi: nipe.

Akainua vijiti. Akahesabu nne. Na akahesabu kwa mwendo wa ukuta.

Nyimbo sita zilizobaki alizipiga hivyo, kwa kukusudia, akimngoja yule mpole wa upande wa pili kila pigo. Zilipaswa kuwa dakika ishirini na tano, zikawa arobaini. Mawingu yalipita juu ya kioo. Wimbo wa mtoto aliyeacha shule Mwalimu aliusema huku amefumba macho, na mistari miwili ya mwisho akairudia mara nyingi, taratibu, kama anayemfundisha mtu kusoma, na kila aliposema "nani" kuta zilisema "nani", na hakuna aliyekohoa.

Watu walipiga makofi kwa namna ya watu wanaoamshwa. Mjomba alishuka ngazi ya chuma kwa tabu, ameshika mgongo, mpaka chini. "Ile dawa ya minyoo mmeibadilisha," akamwambia Fyuzi. "Hii ya leo mtu anaweza kuimeza." Fyuzi alikuwa ameacha kinasa sauti kikienda, akasema mara tatu kwamba hajui kilichotokea lakini kimetokea. Shemeji alikuwa anacheka peke yake.

Mwalimu alikunja waya wa maikrofoni, mizunguko sawa sawa, akauweka chini, akapanda ngazi bila kuaga.

Kesho yake ilikuwa Jumapili na karakana ilikuwa imefungwa. Dramu zilikuwa zimesharudishwa stoo. Cherehani alikwenda kuzifuta vumbi, au alijiambia hivyo, na Mwalimu alikuwa amekaa kizingitini anamsubiri. Waliingia. Mwalimu akavua viatu.

"Jana," akasema. Sauti ilikuwa imepungua usiku kucha, imebaki hewa yenye kingo. "Wimbo wa kwanza ulikuwa ukuta. Hilo nimelielewa."

"Ndiyo."

"Wa pili?"

Cherehani alitazama vijiti mkononi. Angeweza kusema ukuta. Ukuta usingekana.

"Wa pili nilijua," akasema. "Na iliyobaki yote."

"Nilikugeukia."

"Nilikuona."

"Nilikuomba kitu kimoja." Mwalimu hakupandisha sauti, hakuwa nayo. "Watu sitini wamesikia bendi nyingine. Nzuri, labda. Wameniambia ni nzuri. Mimi sikuwemo. Nani kakupa koo langu ulilinde?"

"Hakuna."

"Dada yako amenikumbatia pale ngazini, anasema sauti yangu inatuliza. Inatuliza!"

Miaka minane ya kufunga mdomo ilikuwa imejaa mle ndani pamoja nao, imesimama wima kuzunguka kuta.

"Nilikuwa naogopa," hatimaye Cherehani akasema. "Wewe ukinyamaza mimi sina mtu mwingine wa kumsikia."

Mwalimu akamwonyesha kigoda cha dramu.

"Basi nipigie sasa," akasema. "Ule wa mtoto. Kwa kasi yake. Humu hakuna ukuta wa kusingizia, na hakuna wa kusikia ila wewe. Kesho saa mbili wananipasua. Nataka mara moja."

Cherehani alikaa kwenye kigoda. Angeweza kukataa, na kukataa kungekuwa kumlinda tena. Akauweka mguu, akainua vijiti, wakatazamana. Akahesabu nne, mbio, mbio kamili.

Chumba kikala kila pigo. Alikimbia. Alizikata kona, akasimama penye ukingo, kimya cha pumzi moja, akaruka. Bila gitaa wala besi wimbo ulikuwa mifupa mitupu, lakini Mwalimu alikuwa anaujua uliko, kichwa chake kikatikisika mara nne, na ilipofika mipigo kumi na sita ya mwisho alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Cherehani hakupunguza. Alitamani kufumba macho, hakufumba.

Mwalimu alifungua mdomo. Mipigo kumi na sita ikapita, na midomo ikaenda na maneno, yote, kwa kasi yake, na pumzi ikatoka, na hakuna sauti iliyotoka nayo. Ilikuwa hewa tupu. Shingo yake ilikuwa imelegea. Alikuwa ameamua, na uamuzi ulipita usoni mwake waziwazi kama mtu anayepita mbele ya dirisha. Cherehani akarudia mipigo kumi na sita, kwa kuwa hakujua la kufanya lingine, na Mwalimu akarudia maneno bila sauti, na safari hiyo machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa kama anacheka.

Wakaacha.

"Hivyo ndivyo ulivyotakiwa kupiga jana," Mwalimu akanong'ona.

"Najua."

"Mimi ndiye wa kuacha. Si wewe."

"Najua."

Akavaa viatu, kimoja, kingine, akiwa ameegemea mali ya mteja.

Chumba cha Nyuma hakikupiga tena. Hakuna aliyetangaza. Fyuzi na Shemeji waliambiwa habari ya koo wiki ileile, na Fyuzi alizima siku tatu kisha akawaka, akaisambaza ile rekodi ya bwawani kwa kila aliyemjua na asiyemjua. Watu waliipenda. Baadhi waliandika kwamba haijawahi kutokea bendi yenye subira namna ile. Cherehani aliisikia mara moja tu kwenye simu ya mtu mwingine, akaomba izimwe.

Alikwenda hospitali kila jioni kwa siku mbili za kwanza baada ya upasuaji, kisha nyumbani kwa Mwalimu, ambapo Mwalimu alimjibu kwa kuandika kwenye ubao mdogo wa wanafunzi. Aliandika vitu vya kawaida. *Chai ipo. Fungua dirisha. Mjomba wako amepona mgongo?* La bwawani hakuliandika. Cherehani alikaa pembeni ya godoro la futi nne alilolishona mwenyewe bila kumjua mlalaji, na kwa mara ya kwanza maishani ndiye aliyekuwa mwongeaji. Aliongea hadi akajishangaa. Alisimulia habari za sponji, za uzi, za jogoo wa jirani. Mwalimu alisikiliza, mara nyingine akimtazama, mara nyingine akitazama ukuta.

Siku ya kumi na tano simu iliita karakanani saa nne asubuhi. Mjomba alipokea, akasikiliza, akamnyooshea. Cherehani akaondoa mguu kwenye kanyagio.

Kwanza kulikuwa na pumzi tu. Halafu sauti nyembamba, safi, ngeni kabisa, isiyo ya mlango wala ya mtu aliyeanguka kutoka juu.

"Nasikika?"

"Unasikika," Cherehani akasema.

"Mpaka nyuma?"

Akageuka nyuma, akatazama mashine zote, mkata sponji, vumbi linaloelea kwenye mwanga. "Mpaka nyuma."

"Jumatatu narudi darasani," Mwalimu akasema. "Sijakusamehe, ujue."

"Najua."

"Njoo jioni. Leo nitaongea mimi."